Nilivyojua Kwamba Gari Halitakuja

Kwa pacha wangu Butoyi, Busunzu.

Mwakeye, mdogo wangu. Mwakeye tena. Piga makofi unijibu inavyotakiwa, maana mimi ndiye niliyetangulia kutoka tumboni, wewe ulibaki ndani unaogopa baridi.

Butoyi, yote wanayokusimulia juu ya siku ile ya mjukuu wetu Enesta ni uongo. Yote. Shemeji Misago anasema niliota. Wale wanaume wa Kumsenga waliombeba kwa ingobyi, ile machela yetu ya kijijini, wanasema nimekuwa mganga, eti nimekaa huku Dar es Salaam nikawaona kwa macho ya ndani, na mmoja ameshatuma salamu nimtazamie ng'ombe wake aliyepotea. Mama yake Shabani, yule wa duka la kanga pale Kasulu, anasema mvua iliangusha mnara. Na nimesikia kuna mwingine anasema mimi mzee niliikalia kompyuta nikaizima kwa matako. Huyo kidogo anakaribia, lakini naye amekosea. Mwenye hadithi hii ni mimi, nilikuwepo, nilikaa hatua mbili kutoka mahali ilipotokea nikiwa na kikombe cha chai mkononi.

Goti lako linasemaje? Maharage mmeshang'oa? Na Enesta, anakaa sasa? Anakula? Mtoto ananyonya? Nauliza kwa karatasi kwa sababu simu yangu hupokei, hii ni wiki ya pili. Inaita, inaita, halafu yule mwanamke wa mtandao ananiambia nijaribu baadaye. Nimemzoea kuliko wewe.

Mimi mwili hauna neno. Jicho la kulia wamelifanyia upasuaji, daktari akashangaa, akasema hajawahi kuona jicho gumu hivi, mkasi ulipinda. La kushoto bado. Kwa hiyo herufi zikilala usicheke. Naandika mwenyewe, sitaki Yustina aandike, utajua kwa nini. Hii ni siku ya nne niko kwenye karatasi hii. Mwalimu wetu wa kisomo angeniona angelia kwa furaha, yule aliyesema wewe una kichwa na mimi nina mdomo.

Sasa sikiliza. Lazima kwanza nikueleze kazi ya mwanangu Yustina, maana bila hiyo huwezi kuelewa kwa nini usiku silali na mchana nashtuka kikombe kikigonga meza.

Unakumbuka nilipokuwa nafyatua tofali Kasulu? Tofali zangu, Butoyi! Lori liligonga ukuta wangu, dereva akashuka akauomba ukuta msamaha. Siri ya tofali ni kalibu. Ukiwa na kalibu nzuri huna haja ya kufikiri tena, unatia udongo, unafyatua, unatia, unafyatua, ya kwanza na ya elfu ni mtu na ndugu yake. Basi Yustina anafanya kazi hiyo hiyo, ila udongo wake hauonekani. Huko nchi za watu kuna majumba makubwa yamejaa kompyuta. Wenyewe wanaita wingu, na halinyeshi kitu. Kampuni yake inakodi humo. Anachofyatua yeye ni genge la vibarua, yaani kompyuta kadhaa zinazobeba kazi moja kwa pamoja. Wao wanaita klasta. Na nyapara wa genge anaitwa Kubaneti, nadhani, ulimi wangu unafika hapo tu. Kibarua mmoja akianguka, nyapara anamleta mwingine kabla mzigo haujagusa chini. Nyapara huyo Yustina hamlishi wala hamlazi, mwenye majumba ndiye anayemtunza. Yustina anapeleka kazi tu.

Kalibu yake ni maandishi. Wanaita templeti. Ndani ameacha nafasi wazi za kujaza: jina la genge, mahali, vibarua wangapi. Anajaza, mashine inamwonyesha orodha ya itakachojenga na itakachobomoa, anaandika neno moja la kukubali, na chai yake haijapoa genge limesimama ng'ambo ya bahari. Mimi nilipoona mara ya kwanza nilimwambia, "Hii nilikuwa naifanya kabla hujazaliwa, tena kwa miguu mitupu." Akacheka. "Kweli baba, wewe ndiye mwalimu."

Hapo ndipo penye kosa, Butoyi. Nilikubali ualimu.

Yustina na mwenzake Shabani walifyatua magenge mawili kwa kalibu moja. La kwanza la zahanati za upande wa Kasulu, la pili la zahanati za Kibondo. Kazi yake unaijua kuliko mimi: nesi akizidiwa anabonyeza simu yake, habari inapita kwenye genge, inamfikia dereva wa gari la wagonjwa aliye karibu, gari linaondoka. Shabani kwao ni Kasulu, anafanyia kazi huko huko nyumbani kwao, na Yustina yuko huku, wanaonana kwenye kioo cha kompyuta kutwa nzima. Mimi nakaa kwenye kochi nyuma, nawapigia hadithi. Siku wanaitengeneza ile kalibu walikuwa wanalalamika. Wakirekebisha kitu Kasulu wanasahau Kibondo, Kibondo inabaki nyuma.

Nikawaambia, "Nyie hamjalelewa na pacha."

Shabani akasema, "Mzee Bukuru, tupe darasa."

Nikawapa. Nikawaambia nyumbani kwetu pacha hawatenganishwi. Mimi nikinyolewa, Butoyi ananyolewa. Butoyi akishonewa gauni, mimi nakatiwa kaptula kitambaa kile kile, ndiyo maana nilikwenda kanisani na maua ya waridi makalioni. Nilipougua homa mimi, wewe mzima ulinyweshwa dawa chungu ukanitukana siku tatu. Ukimgusa mmoja umemgusa na wa pili. Nikasema, "Hayo magenge yenu ni pacha, tumbo moja. Wafungeni pamoja. La Kasulu likinyolewa, la Kibondo linyolewe."

Yustina akanitazama. Akamtazama Shabani. "Baba ana akili," akasema. "Tuwafunge pamoja."

Wakawafunga. Miezi ikapita, kila kitu kinakwenda kama maji, na mimi nikajisifu hadi kwa muuza maji wa mtaani kwamba mtambo wa zahanati za Kigoma umejengwa kwa mila ya Waha. Lakini ona, Butoyi, mtu anayesimulia pacha husimulia kunyolewa na gauni. Hakuna aliyeuliza, je, mmoja akibomolewa?

Tuje siku yenyewe, Jumamosi. Genge la Kasulu lilikuwa limechakaa, lilitakiwa libomolewe lifyatuliwe upya, kubwa zaidi. Zahanati za Kasulu waliambiwa mapema, siku hiyo wakawa wanapigiana simu za kawaida na madereva wamekaa tayari. Kibondo hawakuambiwa kitu kwa sababu Kibondo haikuwa inaguswa.

Asubuhi wewe ukanipigia. Unakumbuka ulivyosema? "Enesta ameanza uchungu, tuko naye zahanati ya Kumsenga, nesi anasema akiona mambo magumu ataita gari la Kibondo." Sauti yako ilikuwa nyembamba. Na mimi nilijibu nini? Nilijibu, "Usiogope, gari hilo linaitwa kwa mtambo wa mwanangu!" Badala ya kumwombea mtoto nilikuwa natangaza biashara.

Saa nane mchana Yustina yupo mezani, Shabani yupo kwenye kioo, mimi na chai. Mashine ikatoa ile orodha ya kubomoa, ndefu, yenye rangi nyekundu. Desturi yao ni kuisoma kwa sauti, mmoja anasoma, mwenzake anaitikia, mstari kwa mstari. Siku ile hawakusoma. Hawakusoma kwa sababu mimi nilikuwa katikati ya hadithi, ile ya lori lililoomba msamaha, na Shabani alikuwa anacheka hadi anajifuta machozi, anasema, "Mzee utaniua, oya, nishikeni." Yustina naye anacheka, bega linatikisika, mkono uko kwenye kompyuta.

Nikatupa jicho kwenye orodha. Jicho langu hili jipya. Nikaona neno jekundu, na mimi maneno ninayoyajua haraka ni machache, lakini hilo nalijua. Kibondo. Ndilo neno la kwanza mwalimu wa kisomo alilotuandikia ubaoni, wewe na mimi dawati moja. Limeandikwa kwenye basi. Nalijua hata likiwa linakimbia. Nikapiga kelele, "Ngoja!" Nikapiga kwa nguvu, lakini feni inavuma, Shabani anacheka, hawakunisikia. Yustina akaandika lile neno la kukubali.

Kwa dakika chache hakuna kilichotokea. Nikamalizia hadithi.

Halafu Shabani akaacha kucheka. Alikuwa anatazama kitu kingine pembeni yake. Akasema taratibu, "Yustina. Kibondo haipo."

"Haipo vipi?"

"Haipo. Yustina, haipo. Vibarua wote wameondoka. Nyapara hayupo."

Mwanangu alisimama, kiti kikaanguka nyuma. Akakaa chini sakafuni mbele ya meza kama mtu anayetafuta sindano, ameshika kichwa. "Tuliwafunga pamoja," akasema. "Tumebomoa wote wawili. Baba, tumebomoa na Kibondo." Sijawahi kuona sura ile kwake tangu mama yake afariki. Mimi chai ilikuwa imemwagika kwenye paja na sikusikia ikiniunguza, niliona tu alama kesho yake.

Na simu yangu ikaita. Wewe.

"Bukuru, damu inatoka. Nesi ameita gari mara tatu. Kimya. Anampigia dereva, simu ya dereva haipatikani. Anasema tusubiri, gari litakuja, mtambo haujawahi kukosea."

Butoyi, ulimi wangu wote huu unaoujua, siku ile ulikuwa kama wa mtu mwingine. Nikakwambia, "Msisubiri. Mtieni kwenye ingobyi, waite wanaume, mpelekeni barabara kubwa. Sasa hivi."

Ukasema, "Umejuaje kwamba gari haliji?"

Nikakata simu.

Hilo ndilo swali lako, najua. Ndiyo maana hupokei. Sikuwa mganga, sikuota. Nilijua kwa sababu nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwenye mikono iliyolizuia gari, na mikono hiyo ilifundishwa na mimi.

Yustina akaniuliza akiwa bado chini, "Nani huyo?"

"Shangazi yako. Enesta anatoka damu Kumsenga."

Akainuka. Sijui alipata wapi miguu. Akasema, "Shabani, kalibu ipo. Data iko ghala jingine, lina kufuli, halijaguswa. Tufyatue Kibondo peke yake. Wewe soma, mimi naandika." Na Shabani, yule kijana wa masihara, akawa anasoma kila mstari kama anasoma Kurani msikitini. "Jina, Kibondo. Sahihi?" "Sahihi." "Vibarua sita. Sahihi?" "Sahihi." Yustina vidole vilikuwa vinakosea, anafuta, anaandika. Orodha ikaja, safari hii ya kijani, ya kujenga. Wakaisoma yote. Akaandika neno la kukubali.

Halafu tukangoja. Hapo ndipo nilipojua hofu, mdogo wangu. Nimewahi kukutana na chui njiani Nyabibuye, nilikusimulia, yule chui alikuwa na meno na mimi nilikuwa na miguu. Hii haikuwa na kitu cha kukimbia. Ni mstari mmoja tu kwenye kioo unaosema bado inajenga, bado inajenga. Nyapara anapatikana pole pole. Vibarua wanaingia mmoja mmoja. Feni inavuma. Nje mtu anauza mihogo, anaimba kabisa. Na mimi kichwani nawaona wanaume wanne wanateremka na ile ingobyi, mjukuu wetu ndani amefunikwa kanga, na wewe nyuma na goti lako bovu.

Nilihesabu vigae vya sakafu ya mwanangu. Nikavihesabu tena. Nikaongea na Mungu vibaya, nikimpangia.

Dakika arobaini. Shabani akasema, "Iko juu." Kisha akasema, "Kuna wito umeingia. Kumsenga." Nesi wenu hakuchoka kubonyeza, Mungu ampe maisha marefu. "Dereva amepokea. Anaondoka."

Yustina hakushangilia. Alikwenda bafuni akafungulia maji ili nisimsikie analia. Nilimsikia.

Yaliyobaki wewe ndiye uliyeyaona. Gari likawakuta barabarani, wanaume wamekwisha kufika na ingobyi iko chini kwenye majani. Daktari wa Kibondo akakwambia mngekaa kule kusubiri angekuwa anaongea habari nyingine. Msichana akazaliwa. Enesta akaongezewa damu na siku kadhaa hakujua anaitwa nani. Kwa hiyo wanaume wa Kumsenga wanasema Bukuru ameokoa. Na mimi, unanijua, sijawahi kukataa sifa hata ya kuku wa jirani. Lakini hii inanichoma.

Jumatatu bosi wao, mama mmoja mtulivu sana, na watulivu ndio wa kuogopwa, aliwaita kwenye kioo. Nilikuwa kwenye kochi, nimejikunja. Akauliza, "Nani aliamua magenge haya mawili yafungwe pamoja?"

Yustina akasema, "Mimi."

Hakugeuka kunitazama. Akasema mimi, basi. Kazi hawajamwachisha. Wamempa onyo na wameweka kufuli, sasa hakuna genge linalobomolewa bila watu wawili kusaini, na pacha wametenganishwa, kila mmoja na karatasi zake. Jioni nilimwambia, "Ungesema ni baba yako." Akasema, "Baba, wewe ulisimulia hadithi. Aliyeandika ni mimi." Halafu akaniwekea chakula, ugali wa muhogo, anajua naupenda, nami nikaurudisha jikoni mzima.

Sasa kila akikaa mezani mimi naogopa. Nikisikia vidole vyake vinagonga vile vitufe nasimama. Juzi alinikuta nimesimama nyuma yake nimeshika mgongo wa kiti, akasema, "Baba kaa, leo najenga tu." Nikamwambia nisomee. Akanisomea orodha nzima, mistari na mistari ya mambo ya ajabu, na mimi naitikia, "Sahihi," kama najua. Siku hizi ananisomea kila siku. Hadithi sipigi tena wakati wa kazi. Shabani anasema, "Mzee umekuwa bubu, rudisha lori," nami namwambia lori lina pancha.

Nisalimie shemeji Misago, mwambie sikuota. Msalimie nesi wa Kumsenga, mwambie kuna mzee Dar es Salaam anamtaja kila asubuhi kabla hajapiga mswaki. Wasalimie wale wanaume wanne, mmoja mmoja, waambie kuhusu ng'ombe wamtafute kwa miguu. Mama yake Shabani akipita Busunzu na kanga zake, mwache aendelee kusema ni mvua, anamtetea mwanawe. Na Enesta mshike kichwa kwa niaba yangu. Mtoto mmempa jina? Msimpe la kwangu.

Barua hii naituma kwa basi la Kibondo, kwa dereva anayetujua.

Ni mimi, niliyekutangulia kutoka,
Bukuru.

Butoyi, nilikuwa nimeshakunja karatasi. Nimeikunjua. Nimekudanganya maisha yetu yote na wewe ulikuwa unajua, chui wa Nyabibuye alikuwa mbwa, na tuliachana salama. Lakini humu ndani kuna uongo mmoja ambao wewe huwezi kuujua, na nimeshindwa kuutuma.

Sikupiga kelele. Ile "ngoja" nimeitia hapa mezani, kwa kalamu. Neno Kibondo nililiona kweli, jekundu, nikalisoma hadi mwisho. Nikajiuliza mbona lipo. Lakini Shabani alikuwa anacheka, lori lilikuwa linakaribia kuomba msamaha, na nilijua nikisema neno lingine kicheko kitakatika. Nikanyamaza ili nimalize. Yustina hajui. Sasa unajua wewe.

Nitakupigia Jumapili mkitoka kanisani. Kama maneno huna, usiseme. Kohoa tu, nijue umepokea.